Kipimajoto na Meko

Kuna vitabu ambavyo mtu havisomi ili aburudike, bali ili apate njia ya kufanyia kazi: kitabu cha mapishi, majedwali ya hesabu, mwongozo wa mwalimu wa darasa la tatu. Aghalabu wahakiki huvipita vitabu hivyo kana kwamba havina maneno ndani yake. Mimi niliyeishi na miongozo ya walimu karibu maisha yangu yote ya kazi naona kinyume chake. Mwongozo ndio kitabu kinachomfundisha msomaji wake, bila kumtamkia, ni mtu wa namna gani anayetarajiwa kumhudumia.

Kitabu ninachotaka kukitazama hapa kinaitwa Manual of Tropical Housing and Building, yaani mwongozo wa nyumba na ujenzi wa nchi za joto. Kimeandikwa na Otto Koenigsberger pamoja na wenzake watatu, Ingersoll, Mayhew na Szokolay, nacho kilitoka katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Nimekipata kwa mjukuu wa kaka yangu, binti wa hapa hapa Lushoto, ambaye alikitumia alipokuwa akisoma shahada ya kwanza ya usanifu majengo Dar es Salaam, na sasa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika shule moja yenye jina kubwa huko London. Aliponiachia alisema kwa utani, "Babu, wewe husema vitabu vyetu ni michoro mitupu. Soma hiki, kina maneno." Nimekisoma chote, hata majedwali. Na kwa kuwa anakwenda kuanza masomo katika mji ule ule kilikochimbuka kitabu hiki, nimeona kwamba kukihakiki kitabu ni njia mojawapo ya kuihakiki safari yenyewe.

Asili ya kitabu ni swali la mwanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwako Manchester kijana wa Kinaijeria, Adedokun Adeyemi, akisomea usanifu majengo. Mafunzo aliyopewa yalikuwa yametungwa kwa ajili ya hali ya hewa na maisha ya Uingereza, ilhali yeye alitazamia kujenga kwao. Kwa ushawishi wake ukaitishwa mkutano mwaka 1953, University College London, juu ya usanifu wa majengo ya nchi za joto. Mwaka uliofuata, 1954, shule ya Architectural Association ya London ikafungua idara maalumu ya fani hiyo kwa wanafunzi waliokwisha kuhitimu mafunzo ya kwanza. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Maxwell Fry, aliyejenga sana Afrika Magharibi pamoja na mkewe Jane Drew. Mwaka 1957 nafasi hiyo ikashikwa na Koenigsberger, mzaliwa wa Berlin aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na kufanya kazi miaka mingi India. Mwaka 1971 kazi hiyo ikahamia University College, na huko ingali ikiendelea kwa jina jingine na kwa shabaha pana zaidi.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu mimi ni mwalimu. Si kila siku swali la mwanafunzi linazaa idara nzima ndani ya miaka michache. Wengi wetu swali la namna hiyo tungelijibu kwa kusema, "Tutalifikia muhula ujao," na muhula ujao usingefika. Wakuu wale wanastahili sifa kwa kusikiliza. Lakini hebu tazama jibu lilivyotoka. Kijana aliuliza habari za kwao, akajibiwa habari za jua. "Kwao" ni mahali penye watu, penye mila za kurithi, penye ugomvi wa mipaka ya mashamba, penye jamaa wanaokuja kuzika na kukaa siku kadhaa. "Nchi za joto" ni mshipi uliozungushwa kwenye ramani ya dunia, ukaziweka Naijeria, India, Tanganyika na Brazili katika darasa moja kwa sababu ya pembe ya jua. Swali lilikuwa la mwenyeji. Jibu likawa la mtaalamu wa hali ya hewa. Tangu hapo kitabu hakijafaulu kulirudia swali la kwanza, na nadhani hata waandishi wenyewe walijua, kwa maana jalada lenyewe linaeleza kwamba hii ni sehemu ya kwanza, sehemu ya usanifu wa kufuata hali ya hewa.

Ndani ya mpaka huo waliojiwekea, kazi yao ni njema kabisa. Lugha ni safi. Hatua zinafuatana kama somo lililoandaliwa vizuri: kwanza hali ya hewa yenyewe, kisha mwili wa binadamu na namna unavyopata raha au taabu ya joto, kisha jinsi joto linavyopenya ukuta na paa, kisha nuru, kisha kelele, na mwisho nyumba zenyewe kwa kila aina ya nchi. Idara ile ndiyo pia iliyotoa majedwali yanayoitwa ya Mahoney. Mwanafunzi anajaza joto la juu na la chini la kila mwezi, unyevunyevu wa hewa na mvua, anahesabu dalili, mwishoni jedwali linamwambia madirisha yawe makubwa kiasi gani, kuta ziwe nzito au nyepesi, vyumba vipangwe safu moja au viwili viwili. Kama zana ya kufundishia sijaona nyingi zinazoshinda hiyo. Mwanafunzi wa wastani, asiye na kipaji chochote cha kuchora, ataepushwa na makosa makubwa.

Sasa tukipeleke kitabu Lushoto, tuone.

Mtu anayepanda kutoka Mombo kwenye barabara kuu, akapita Soni hadi Lushoto mjini, husafiri kilomita 33 tu, lakini ameacha nchi moja na kuingia nyingine. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani, walioufanya makao ya wilaya na kuuita Wilhelmstal, walijua walikimbilia nini. Nyumba zao nyingi zina dohani, na dohani hazikuwekwa kwa pambo. Mwezi wa Julai ukungu hushuka hadi uwanjani, na watoto huja shuleni wamejifunika kanga za mama zao juu ya sweta. Hata hivyo kwa miaka mingi darasa la shule lililojengwa Pangani kwenye mchanga wa pwani na darasa lililojengwa Mlalo yamefuata ramani ileile: paa la bati, kuta za tofali moja la saruji, na matundu makubwa pande zote mbili ili upepo upite. Upepo hupita kweli. Nimewahi kuona mwalimu wa mazoezi akifundisha somo la hesabu hali kanga, magunia na maboksi yametundikwa madirishani, na darasa zima liko gizani kwa hiari yake.

Je, kosa hilo ni la kitabu? La hasha. Hapa ndipo nilipopata mshangao mwema. Kitabu kinazigawa nchi za joto katika aina sita, na mojawapo ni nyanda za juu, kuanzia mita 900 hadi 1,200 na kuendelea. Kinatujua. Kinafahamu kwamba kwetu mchana jua lina ukali na usiku kuna baridi, na kwamba ukuta unaofaa ni ule unaolishika joto la mchana na kulitoa usiku. Waliochora madarasa yale ama hawakufika mwisho wa kitabu, maana sehemu ya nyanda za juu imewekwa mwishoni, ama walikwisha kuamua kwamba Afrika ni joto na maneno mengine ni ya ziada. Hii ndiyo hatari ya neno kubwa linaloandikwa juu ya jalada. Watu husoma jalada.

Lakini kuna jambo ambalo hata kurasa za mwisho hazina, nalo ni kubwa kuliko madirisha. Mwili wa binadamu unaopimwa katika kitabu hiki ni mwili wa mtu mmoja. Unatoka jasho, unatetemeka, unapata raha. Hauna mama mkwe, hauna mbuzi, haupokei mgeni. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, niliyolala nikiwa mtoto, ilikuwa ya msonge, paa la nyasi likishuka karibu na ardhi. Katikati palikuwa na meko matatu ya mawe na moto usiozimika. Moto ule ulipika. Ukatia joto kwa wazee na watoto. Ukakausha mahindi yaliyokuwa juu ya uchaga. Moshi wake ukafukuza wadudu wasile nyasi na miti ya paa. Na kila mtu aliyeingia aliujua upande wake wa kukaa kwa kuutazama moto uko wapi. Jedwali likiletwa pale litaona chanzo cha joto, litakiandika, litaendelea. Kazi nyingine nne hazina safu ya kuziandikia.

Sisemi turudi kwenye msonge. Wanaosema hivyo wengi wao hawakuulala. Moshi ule uliharibu macho ya bibi na kifua chake, na nyumba za bati zenye jiko la nje zilipoingia, akina mama walizipokea kwa sababu nzuri. Ila tulipotoa moto nje tulitoa na zile kazi nyingine, bila mtu kuulizwa zitafanywa na nini. Mahindi yalihamia kwenye magunia na dawa. Wazee walihamia kitandani saa kumi na mbili jioni. Kuta za miti na udongo wa kukandika zilipoachwa, zikaja za matofali ya kuchoma, ambayo ni mazuri na mazito na yanashika joto kama kitabu kinavyotaka. Lakini kila tanuri la matofali linakula kuni, na kuni za Usambara zinatoka katika milima ambayo mkulo wake ulikwisha vunwa sana kwa mbao. Basi swali la kweli la nyumba ya Lushoto leo ni hili: nyumba gani itawapa joto wazee bila moshi na bila kuumaliza msitu wa Magamba, na familia ya mkulima wa mboga iimudu gharama yake? Kitabu kina robo ya jibu. Robo tatu hazimo, na sioni kama zimo katika kitabu kingine chochote.

Narudi kwa mwanafunzi anayeanza. Shule hizi kubwa hazifundishi kwa mihadhara sana kama tulivyozoea. Wanafunzi wanakaa katika stadio, kila mmoja na meza yake, wanachora na kutengeneza mifano midogo ya majengo, kisha siku ikifika michoro hubandikwa ukutani na jopo la wakubwa hukaa mbele na kuihakiki hadharani. Desturi hii ni ya zamani. Inasimuliwa kwamba katika shule ya École des Beaux-Arts ya Paris michoro ilikusanywa kwa mkokoteni, na wanafunzi wakawa wanadandia na kumalizia mistari njiani. Ndiyo maana hadi leo wasanifu huziita siku za kukesha kabla ya kukabidhi kazi kwa neno la Kifaransa la mkokoteni, charrette.

Aliyepitia chuo cha ualimu ataielewa haraka. Ni somo la kuhakikiwa, lile ambalo mwanachuo husimama mbele ya watoto hali mkufunzi na wenzake wamepanga viti nyuma, kila mmoja na daftari. Nimeketi nyuma ya masomo ya namna hiyo mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, nami nakiri ni njia yenye nguvu. Inamfundisha mtu kutetea alichokifanya. Lakini ina ugonjwa wake. Mwanachuo mwerevu hugundua katika wiki mbili kwamba wanaotoa alama ni wale waliokaa nyuma, si watoto walioko mbele. Akishagundua hivyo, somo zima linageuka: sauti inapazwa ili ifike nyuma, maswali yanachaguliwa yale yanayomfurahisha mkufunzi, na watoto wanakuwa kama viti. Katika stadio hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu watoto hawamo kabisa chumbani. Mwenye nyumba yuko Lushoto. Jopo liko London.

Na anayetoka mbali ana mtihani wa pili. Yeye peke yake ndiye anayejua mahali anapotoka, na kwa sababu hiyo hakuna wa kumsahihisha. Akisema kijiji chetu kinaishi hivi, wataandika. Akitaka kuwapendeza kwa ukuti na ngoma, watapendezwa. Akiona aibu, atauficha mlima na kuchora kama wenzake wanavyochora. Njia zote mbili zinampatia alama, na katika zote mbili ameuacha mlima nyumbani.

Ndiyo maana nimevutiwa na habari za wachache waliozishinda shule hizi. Muzharul Islam wa Dhaka alikuja London mwaka 1956 katika kozi ile ile ya nchi za joto, baadaye akasoma uzamili Yale. Lakini kabla ya London alikuwa amekwisha sanifu Chuo cha Sanaa cha Dhaka, jengo lenye nafasi wazi na vivuli ambalo hadi leo linahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Alikwenda kuuliza, kwa kuwa tayari alikuwa amejenga. Francis Kéré wa Burkina Faso alikwenda Ujerumani mwaka 1985 kwa mafunzo ya useremala, na alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando ilipokamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo yaliyofyatuliwa na wanakijiji wenyewe. Shahada aliipata mwaka 2004. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker. Jopo lake la kweli lilikuwa Gando, na lile la Berlin likawa la pili.

Hapa niongeze onyo, maana Kéré sasa ameingia vitabuni na wanafunzi wanamwiga. Paa lake la bati limenyanyuliwa juu ya dari ili hewa moto itoke. Kwa Gando ni hekima tupu. Akitokea mtu akalipandisha paa hilo hadi Magamba, watoto watamlaani kila Julai.

Kwetu nchini mfano ulio wazi ni Beda Amuli, aliyesoma Technion, Haifa, kisha akasanifu soko la Kariakoo katika miaka ya 1970. Nalisifu jengo lile kwa sababu moja hasa. Paa lake ni safu za vikombe vya zege vilivyo kama miavuli iliyopinduliwa, navyo viliwekwa kukusanya mvua na kuishusha hadi matangi ya chini ya ardhi, huku wachuuzi wakipata kivuli na hewa. Hakukopa umbo la msonge wala la jumba la kigeni. Alijiuliza soko linahitaji nini. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na maombolezo ya watu siku zile yalikuwa ya wafanyabiashara kuliko ya wasanifu, jambo ambalo naliona ni heshima kwa msanifu.

Vijana wa siku hizi hawana dhiki ya kina Amuli. Nairobi ilianza kufundisha usanifu majengo katika miaka ya 1950, na kwa muda mrefu Mtanzania aliyeutaka alipaswa kwenda huko au ng'ambo. Baadaye tukapata chetu pale Ardhi, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mjukuu wetu ametoka huko akiwa anajua zege, mihimili na sheria za mipango miji. London haendi kupewa elimu asiyokuwa nayo kabisa. Anakwenda kupewa meza, maktaba, muda, na watu wa kubishana nao. Ni vitu vya thamani, na gharama yake imeuza shamba moja la familia, kwa hiyo siwezi kuvizungumza kwa wepesi. Wazazi wake wanataraji arudi na jina. Mimi nataraji arudi na jibu la robo tatu zile, au angalau na swali lililoandikwa vizuri kuliko nilivyoliandika mimi.

Ameniambia kwamba katika muhula wa kwanza kila mwanafunzi atatakiwa kuleta mahali anapopajua, na kupaeleza kwa michoro na vipimo. Basi Julai hii, kabla hajaondoka, tulikwenda pamoja na fundi mmoja mzee katika kijiji kilicho chini ya Magamba, kwenye nyumba ya miti na udongo ambayo mama mwenye nyumba bado anapika ndani. Binti alipima kuta kwa futi kamba. Alitundika kipimajoto kimoja karibu na meko na kingine mlangoni, akavisoma jioni, usiku wa manane na alfajiri. Nikamwomba aandike pia nani alilala wapi, nani aliamka kuchochea moto, kuni zilitoka wapi na zilibebwa na nani, na mgeni, yaani mimi, alipewa kiti upande gani. Usiku ule ule alifungua majedwali ya Mahoney na kuanza kujaza. Joto likaingia, unyevunyevu ukaingia, mvua ikaingia. Alipofika kwenye yale mengine alikosa pa kuyatia, akachukua karatasi ya daftari, akaipigia mistari yake mwenyewe, na kuigundisha kwa uji wa muhogo pembeni mwa jedwali.